Aliyekataa Kuketi

Hayel alikuwa mtu wa kukaa. Kazi yake yenyewe ilikuwa kukaa. Alikaa kwenye lori kutoka machimbo ya fosfeti hadi bandari ya Aqaba, akarudi amekaa, na akifika kwake juu ya mabonde ya Karak alikaa tena, chai mkononi, mpaka mkewe Khitam amwambie kwamba hata kuku anayeatamia huinuka akanywe maji. Kwa hiyo maradhi yalipomfika hayakupata tabu ya kumtafuta.

Yalikuwa bawasiri. Neno hilo yeye hakulitamka hata mara moja. Kwa miaka alisema "joto", akasema "tumbo", akasema "kile kitu". Damu aliiona chooni akaimwagia maji. Kwenye nguo aliiona Khitam, na Khitam si mwanamke wa kuona jambo akalimeza.

"Baba Raed, hii nini?"

"Pilipili."

"Pilipili! Uliila au uliikalia?"

Alimcheka, kisha akaacha kumcheka, kisha akaanza kumsihi. Hayel hakusikia. Alisikia siku aliposhuka kwenye lori pale bandarini akaona kiti kimelowa, na macho yakamwingia giza mbele ya wapakuzi. Wakammwagia maji usoni, wakasema ni jua. Yeye naye akasema ni jua. Wiki iliyofuata akaaga kijijini kwamba anakwenda Amman kushughulikia leseni yake, akapanda basi pamoja na mkewe, na muda wote wa safari alijifanya anapenda kusimama.

Kabla hawajatoka alikuwa amemfunga kwa kiapo. Alimwambia, "Ukimwambia mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, mtoto au mkubwa, talaka yako hiyo." Khitam akamtazama kama anayetazama mtu aliyetupa ufunguo kisimani. Kiapo hicho watu wa kule hukitoa kirahisi, kwenye nyama, kwenye chai, kwenye mambo ya kipuuzi kabisa, halafu wakabaki wamefungwa nacho. Hayel alikitoa kwa ajili ya makalio yake. Nasema hivyo kwa hasira, na sitaomba radhi.

Daktari wa hospitali ile alikuwa mwanamke, tena kijana. Hayel akauliza kama hakuna mwanamume.

"Yupo," daktari akasema. "Anarudi mwezi ujao. Utasubiri na damu hiyo? Lala ubavu, ami. Nimeshaona ya mashehe na ya majenerali, yote ni yale yale."

Akampima mpaka ndani kwa kamera, akamwambia amshukuru Mungu, kwa kuwa ni bawasiri tu na si jambo baya zaidi. Asubuhi yake wakamchoma ganzi ya uti wa mgongo, wakayakata mavimbe yale, wakamrudisha wodini akiwa na miguu mizito na furaha ya mtu aliyedanganywa na ganzi. Alimwambia Khitam kwamba kumbe hakuna kitu, na kwamba kesho ataendesha lori.

Ganzi ikaisha. Mwenye kujua anajua, na asiyejua Mungu amwepushe. Walipomrudisha kijijini, amelala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha teksi, alikuwa ameshaacha kuzungumza habari ya lori. Kilichomtisha zaidi kilikuwa haja kubwa. Alijinyima chakula ili isije, na ilipokuja aliuma taulo, jasho likamtoka. Khitam alisimama nje ya mlango wa choo akimsomea Ayatul Kursi kwa sauti, huku akimkemea katikati ya aya anywe ile dawa ya kulainisha. Baada ya hapo alimtilia maji ya vuguvugu na chumvi kwenye beseni kubwa la kufulia, akamkalisha humo. Ndicho kilikuwa kikao pekee alichokiweza. Nje ya beseni alilala kwa tumbo, akala supu ya dengu na tini zilizolowekwa, na kila mtu aliyebisha hodi aliambiwa kwamba Baba Raed ana mafua makali.

Siku ya nne alibisha hodi Ami Atallah, na Ami Atallah si mtu wa kurudishwa na mafua. Ndiye mkubwa wa ukoo, na lori lile analoendesha Hayel ni lake. Hayel akajikokota mpaka ukumbini, akasimama akiegemea dirisha.

"Nimekuletea habari njema, mwanangu," mzee akasema. "Mufleh anataka sulhu."

Mufleh ni kaka yake, wa baba mmoja na mama mmoja. Nyumba zao zinatazamana, barabara imepita katikati, na kwa miaka sita walikuwa hawajaamkiana. Mama yao alifariki Hayel akiwa Saudia na mzigo, amekwama mpakani. Mufleh alimzika kabla ya alasiri, maana ilikuwa joto na watu walishakusanyika. Hayel alifika jioni akakuta udongo mbichi, na kwa uchungu akasema mbele ya waombolezaji wote, "Umemfukia mama kama mtu anayeficha wizi." Mufleh alivua joho lake, akaingia ndani, na tangu siku hiyo mmoja akitoka mwingine anaingia.

Na Hayel alimtaka kaka yake. Tusidanganyane hapo. Kila Idi aliamka akitumaini mlango wa nyumba ya pili utafunguliwa, na kila Idi alimwambia Khitam kwamba yeye ndiye mdogo lakini yeye ndiye aliyeumizwa. Alimkosa kama mtu anavyolikosa jino, ulimi haukomi kupapasa pengo. Mufleh ndiye aliyemfundisha kuendesha gari. Mufleh ndiye aliyemchapa, akamfuta machozi, akamchapa tena. Na leo mkubwa ndiye aliyeanza kutuma watu kwa mdogo, jambo zito, jambo ambalo wengi hufa bila kulifanya.

"Lini?" akauliza.

"Kesho baada ya alasiri, kwake. Hataki Ramadhani imkute na ugomvi. Nimeshawaalika wazee."

"Kesho..." Hayel akashika dirisha. "Ami, haiwezekani wiki ijayo?"

Mzee akamtazama kwa jicho moja. "Anayeahirisha sulhu ameikataa. Nimpelekee jibu hilo?"

"Hapana, hapana. Kesho. Nitakuja."

Mzee alipotoka, Khitam akatoka jikoni na mikono ya unga. "Utakaa vipi kesho? Kwa miujiza?"

"Nitavumilia."

"Mwambie Ami Atallah ukweli. Ni mzee, ameona mengi, labda hata yeye anayo."

"Khitam!"

"Basi sema mgongo. Mgongo hauna aibu."

"Nikisema mgongo mbele ya Atallah, kesho kutwa lori lina dereva mwingine." "Ni dakika chache. Nitaketi, nitanyanyua kikombe, nitambusu kichwa, nitarudi. Mtu hashindwi kuketi."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na waliposema hivyo bila shaka walikuwa wamemwona mtu kama Hayel. Alijifunga pamba na vitambaa, akavaa kanzu nyeusi ya sufi ili kisionekane kitu, akameza vidonge viwili vya maumivu, akavuka barabara. Hatua za kuvuka barabara ile alikuwa amezingoja kwa miaka sita. Katikati yake akahisi ujoto ukimshuka, ukilowesha kitambaa cha kwanza.

Ukumbi wa Mufleh ulikuwa umejaa. Wazee walikuwa wameketi chini kuzunguka kuta zote, na Hayel alipovua viatu akayaona magodoro waliyokalia. Yalikuwa ya mama yao, yale aliyoyajaza sufi kwa mikono yake na kuyashonea foronya za kufumwa, nyeupe kama maziwa. Mahali pa Hayel paliachwa katikati, kando ya mwenye nyumba. Mufleh mwenyewe hakuwepo. Alitoka uani baadaye, akifuta mikono, akaitikia salamu bila kumtazama mtu, na kabla watu hawajatulia akatoka tena. Amekonda, Hayel akawaza, lakini wazo hilo likafunikwa na lingine: hawezi hata kukaa chumba kimoja na mimi.

Mufleh aliporudi mara ya pili alikuwa ameshika dele la kahawa mkono wa kushoto na kikombe mkono wa kulia. Hakumwachia mwanawe amimine. Akaja mwenyewe, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Karibu kwenu, Hayel," akasema. Hakumwita Baba Raed. Alimwita Hayel, kama alivyomwita utotoni. "Keti."

Kwao sulhu ni hiyo tu. Hakuna karatasi wala sahihi. Mtu anaketi penye godoro la mwenzake, anapokea kikombe, anakunywa, yamekwisha. Anayekunywa wima ni mpita njia, hana deni na mtu. Na asiyetaka kuketi ameshasema la kusema.

Hayel akainama kuketi. Akainama nusu, akahisi kitambaa cha pili kimelowa, na picha yote ikapita kichwani kwake kwa mpigo mmoja: doa jekundu kwenye foronya ya mama, wazee wote wakilitazama, vijana wakisimuliana mpaka bandarini, Hayel anatokwa na damu kama mwanamke. Akanyooka.

"Niko sawa hivi," akasema.

"Keti, Baba Raed," akasema Ami Atallah kutoka pembeni, akicheka kidogo ili kulainisha. "Godoro haliumi."

"Nitakunywa wima, ami."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja aliacha kusogeza tasbihi. Mufleh alibaki amenyoosha kikombe, na uso wake, Hayel aliuona, haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuja na ombi.

"Keti, ndugu yangu," Mufleh akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kusikiwa na wawili tu. "Nina maneno na wewe."

Neno lilikuwa mdomoni. Lingetosha moja. Wangecheka, ndiyo, wangecheka mpaka machozi, Atallah angepiga mapaja, na Mufleh angecheka kuliko wote halafu angempa mkono. Hayel alitazama miguu yake, akahisi tone likishuka kwenye muundi, akasema, "Siku nyingine," akatoka. Nyuma yake alisikia kahawa ikimwagwa kwenye majivu.

Khitam alimwosha bila kusema neno, na Khitam akinyamaza ujue mambo yameharibika. Mshono mmoja ulikuwa umefumuka. Ukapona wenyewe, taratibu, kwa maji ya chumvi na uvumilivu, na kufika katikati ya Ramadhani Hayel alikuwa anaketi kama watu wote, bila beseni na bila mto. Kidonda cha pale hupona. Daktari alisema hivyo, na ni kweli.

Kwa nini basi hakuvuka barabara, sasa akiwa mzima, akasema? Hapa ndipo natamani kumshika mabega nimtikise. Alisema atamwachia kaka yake apoe. Alisema Idi. Idi ikaja, mlango wa pili ukabaki umefungwa, naye akasema, unaona? Khitam alimwomba amfungulie kiapo akaongee na Fidda, mke wa Mufleh, mwanamke kwa mwanamke.

"Hilo ni langu," Hayel akamjibu.

"Ni lako, ndiyo. Na ugomvi ni wako, na kaka ni wako. Mimi ni mfuaji tu."

Wakati mwingine alipokuwa njiani Aqaba alijisemesha peke yake kwenye usukani, akapanga jinsi atakavyolisema kama mzaha: kaka, unajua siku ile nini kilinizuia? Ulikuwa mzaha mzuri. Aliuboresha kila safari, akiwa na hakika kwamba siku ipo.

Zeituni zilipoanza kuiva, Hayel akiwa foleni ya bandarini, simu ikalia. Alikuwa mwanawe Raed. "Baba, ami Mufleh yuko hospitali. Wamempasua wakamfunga." Mtoto hakujua maana ya maneno hayo, aliyabeba tu kama alivyoyasikia. Hayel aliijua: walikuta ugonjwa umeshaenea. Aliacha lori na funguo kwa dereva wa nyuma yake, akapanda gari la kwanza lililokwenda kaskazini. Alikuwa bado jangwani simu ilipolia tena.

Alijua kitakachofuata. Jua lilikuwa kali, na watu wa kwao hawaweki maiti. Alijiandaa kukuta udongo mbichi. Lakini gari lilipopanda kilima aliwaona wanaume wote wa kijiji wamesimama makaburini, kwenye jua, jeneza limewekwa chini ya kivuli cha turubai, hakuna anayechimba wala anayefukia. Ami Atallah akamjia akichechemea.

"Alituachia neno," mzee akasema. "Alisema, msinizike mpaka Hayel afike. Hata kama ni kesho."

Hayel akashuka kaburini, akampokea kaka yake mikononi. Alikuwa mwepesi. Mtu mrefu, mpana, aliyembeba mabegani kila sherehe ya utoto wake, na sasa akawa mwepesi kama mzigo wa kuni za mtoto. Akamlaza mwanandani kwa ubavu wa kulia, akamfungua fundo la sanda usoni, na watu walipomnyooshea mikono apande hawakumpata haraka.

Jioni ya siku ya tatu, watu walipopungua msibani, alikwenda mlango wa uani akamwita Fidda. Akatoka na nguo zake nyeusi, mwanawe mkubwa nyuma yake, akasimama kizingitini. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Shemeji," Hayel akasema. "Siku ile ya kahawa."

"Siku ile ulishasema, Baba Raed. Ulisema kwa miguu."

"Sikukataa kuketi." "Nilikuwa nimetoka kupasuliwa. Nilikuwa na bawasiri." Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kumtoka kinywani, na lilitoka jepesi, neno la kawaida kama mengine. "Damu ilikuwa inanitoka. Niliogopa kuchafua magodoro ya mama mbele ya watu. Basi. Hakuna lingine. Wallahi hakuna lingine."

Alimngoja acheke, au amtukane. Fidda alimgeukia mwanawe, akamwambia aende kwa wageni. Kijana alipokwenda akajishika kwenye mwimo wa mlango.

"Mufleh alianza kutoka damu tangu baridi," akasema. "Akaniambia ni bawasiri. Akanunua marhamu kwa muuza mitishamba, akajipaka, damu haikukoma. Akakonda. Nikamwambia nenda hospitali. Akasema aende vipi? Awaambie wanawe wampeleke wakamvue? Awaambie wazee? Nilimlilia, Hayel. Mwisho akaniambia, 'Jambo kama hili haambiwi mtu ila ndugu. Hayel anaijua Amman. Nikipatana na Hayel nitamwambia yeye, atanipeleka.'"

Fidda akatazama kama mwanawe hajarudi, akaendelea.

"Ndiyo maana aliwaita wale wazee. Si Ramadhani wala nini. Ramadhani ngapi zimepita? Alitaka uketi, halafu watu wakitoka akwambie."

"Na baada ya pale?" Hayel akauliza.

"Baada ya pale alirudi ndani akasema, 'Hakuketi.' Basi. Habari ya Amman hakuitaja tena. Nikimwambia, ananiambia Hayel hakuketi."

Kutoka mbele ya nyumba mtu aliita kwamba kuna wageni kutoka Tafila, Baba Raed aje apokee pole. Hayel hakuitika. Alimwomba Fidda arudie yale maneno ya kaka yake, yale ya kwanza, ya ndugu. Fidda akayarudia kama yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, na safari hii wote wawili walilia.